Siku Mama Mkwe Aliponifungia Nje na Mitufaha Yangu

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe, maana mkija kuusikia kwa majirani watautia chumvi.

Nilitoka kwenye balkoni, ghorofa ya tatu, nimevaa kaptula na fulana yenye tundu kwapani. Mkononi nimeshika brashi ya mke wangu ya kupakia poda. Simu nimeiacha kwenye chaji. Maharagwe nimeyaacha kwenye jiko la gesi, moto unawaka. Mlango wa mbele nimeufunga, na ufunguo wake umo mfukoni mwangu.

Ndani kabaki mtu mmoja tu. Mama mkwe wangu.

Nikasikia nyuma yangu: krrr... tak.

Komeo.

Wenzangu, nilicheka! Nilicheka kama mtu aliyetekenywa. Sikujua kwamba kile kicheko ndicho kingekuwa cha mwisho kabla ya machozi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa majokofu. Nina diploma kabisa ya mambo ya ubaridi, ipo ukutani, imefunikwa na kalenda. Nafanya kazi kwenye ghala la kuhifadhia nyama, zamu ya mchana. Sasa mtu anayeshinda na mizoga inayoning'inia lazima akirudi nyumbani akute kitu chenye uhai cha kukitazama. Wengine hufuga kasuku.

Mimi nikapenda matufaha.

Kwenye balkoni? Ndiyo, kwenye balkoni, kwenye vyungu. Ipo mitufaha mifupi inayoishia kifuani kwa mtu. Wala si uchawi. Wanachukua kijiti cha mtufaha wa kawaida, ule ambao ukiuachia unapita paa, wanakibebesha juu ya shina la mtufaha mwingine wenye mizizi mivivu. Mizizi ikiwa mivivu, mti hauna jeuri ya kurefuka. Unautia kwenye chungu, vyangu vilikuwa ndoo kuukuu, unaufunga kwenye fimbo usianguke, basi. Mti mkubwa unaishi kwenye ndoo kama mpangaji.

Nilikuwa na miwili. Lazima iwe miwili, ya aina tofauti, maana mtufaha peke yake hauzai. Unataka mwenzake achanue wakati uleule. Mmoja nikamwita Bwana Harusi, mwingine Bibi Harusi.

Miaka ikapita. Ndoa ile haikutoa hata ua.

Tatizo lilikuwa baridi. Mtufaha unataka ulale kwanza usingizi wa baridi, uamke, ndipo uchanue. Na kwetu sisi baridi ni ile unayoisikia ukifungua friji. Fundi wa majokofu mzima nimeshindwa kuupatia mti baridi! Nikawa namwaga barafu kwenye vyungu. Nikaiwashia feni.

Mke wangu akaniambia, "Baba, siku utakayoifunika blanketi ndiyo siku nitakayowaita ndugu zako."

Mtaani wakanipa jina. Bwana Tufaha.

Sasa mama mkwe.

Alihamia kwetu baada ya kuanguka akaumia nyonga. Magoti yake hayakunjiki vizuri, anatembea na mkongojo, kong', kong', kong', unamsikia kutoka chumba chochote. Na akili nayo, daktari alisema, imeanza kuchoka. Kuna siku ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Kuna siku anakumbuka mpaka ua lililokuwa kwenye gauni alilovaa siku alipoposwa binti yake.

Siku moja alitoka akaondoka. Tulizunguka mji mzima. Tukamkuta jioni kituo cha mabasi, amekaa ametulia tuli, kikapu mapajani, kama abiria yeyote. Mke wangu alilia mpaka wapiga debe wakanyamaza.

Tangu siku ile tukaamua mlango ufungwe.

Asubuhi mke wangu anakwenda kwenye duka la dawa analouzia. Mimi nabaki na mama mpaka muda wa zamu yangu. Lakini kuna ule muda hapo katikati, mimi nimetoka na mke wangu hajarudi. Muda huo mama anabaki peke yake. Kafungiwa.

Msinihukumu. Au nihukumuni, lakini nimalize kwanza.

Kila siku, kila siku, atakuja na mkongojo wake: kong', kong', kong'.

"Baba, ufunguo uko wapi?"

Na mimi, mcheshi wa familia, nitamjibu: "Umeenda sokoni, mama. Ukirudi nitakuita."

Kesho yake: "Ufunguo una mafua leo, tusiutoe kwenye upepo."

Keshokutwa: "Ufunguo umelala, mama. Ukiuamsha utalia."

Alikuwa anacheka. Haki ya Mungu alikuwa anacheka, ndiyo maana niliendelea. Nilijiona mkwe bora. Wengine wanawafokea wakwe zao, mimi wa kwangu namchekesha.

Na kwenye mlango wa balkoni nikafanya ufundi wa ziada. Kwa ndani nikachomelea nondo kwenye fremu ya kioo, kwa ajili ya wezi. Komeo nikaliweka chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Kwa nini chini? Kwa sababu mama hawezi kuinama. Niliogopa asije akatoka, akachungulia chini, akaanguka. Nilijisifia sana lile wazo. Nilimwonyesha hata fundi wa bomba alipokuja.

Sasa kikatokea kioja.

Majani ya mitufaha yakaanza kutoweka. Nikirudi kazini nakuta tawi zima uchi. Leo Bwana Harusi, kesho Bibi Harusi. Nikatafuta viwavi, hakuna. Nikanyunyiza maji ya sabuni. Nikafunga mifuko ya plastiki ipepee itishe ndege. Wapi! Majani yaliendelea kwisha kama mshahara.

Nikamlalamikia mama, maana yeye ndiye aliyekuwa akishinda ndani. "Mama, hujaona ndege hapa?"

"Ndege?" akasema, anatafuna mua wake taratibu. "Labda. Ndege hawapendi vitu vilivyofungwa."

Sikuelewa. Nikaona ni yale maneno yake ya siku za kuchoka.

Mpaka miti yote miwili ikabaki vijiti. Nikajua imekufa. Nikawa najiandaa kuitupa, moyo unaniuma kama nimefiwa.

Halafu, asubuhi moja, nikaona vidoti vyekundu kwenye vijiti. Baada ya siku chache vikafumuka. Maua! Meupe, yenye wekundu kidogo pembeni kama mashavu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Bwana na Bibi Harusi wamechanua pamoja!

Nilipiga picha mpaka simu ikapata moto.

Ila ghorofa ya tatu nyuki hawafiki. Nyuki inabidi uwe wewe. Unachukua brashi laini, unagusa ua la huku, ule unga wa njano unashika, unakwenda kugusa ua la kule. Tena usikawie, ua halina subira.

Ndiyo maana asubuhi ile nilitoka mbio na brashi ya watu, nikarudishia mlango upepo usiingie ndani, nikaanza kazi ya unyuki.

Krrr... tak.

Haya. Tumefika.

"Mama!" nikagonga kioo. "Mama, umenifungia huku!"

Nikachungulia katikati ya nondo. Namwona mgongo wake huyo, anakwenda zake kuelekea ndani. Kong', kong', kong'. Hakugeuka.

"Mama weee! Mkwe wako huyu! Fungua!"

Akaingia kwenye korido. Akapotea.

Nilikuwa bado natabasamu. Nikasema atarudi. Nikaendelea na maua mawili matatu.

Ndipo, kupitia kidirisha kilichokuwa wazi juu ya mlango, pua yangu ikaniletea habari. Maharagwe.

Hayajaungua. Bado. Ila nilikumbuka maji niliyoyaacha kwenye sufuria ile. Yalikuwa kidogo, nilikusudia kurudi sasa hivi kuyaongeza.

Tabasamu likashuka lenyewe.

Nikainama kwenye ukingo wa balkoni. Chini pale mlinzi wetu amekaa kwenye kiti chake cha plastiki getini. Pembeni yake kuna kibanda cha bati cha fundi cherehani, mama mmoja mwenye sauti ya kengele.

"Mlinzi! Nimefungiwa nje!"

Mlinzi akainua kofia. "Nje wapi, mzee? Mimi ndiye niko nje. Wewe uko juu."

"Nimefungiwa balkoni! Mama yuko ndani peke yake na jiko linawaka!"

Fundi cherehani akatoa kichwa kibandani. "Anasemaje leo?"

"Anasema jiko linawaka."

"Juzi alisema nyoka."

Ni kweli. Juzi niliteremsha nyoka wa plastiki kwa kamba mpaka kwenye kikapu chake cha vitambaa. Aliruka akakimbia mpaka barabarani na futi ya kupimia shingoni. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Fundi, dada yangu, leo si mzaha!"

"Hata juzi ulisema hivyohivyo. Tena uliapa!"

"Tazama nilivyovaa! Mtu anayefanya mzaha anavaa hivi?"

"Wewe? Ndiyo!"

Maji ya shingo hayo, jamani. Unaita watu, watu wanakupigia makofi.

Nikaapa kwa kila kinachoapiwa. Mwishowe mlinzi akajivuta. "Haya, napanda. Nikikuta umekaa sebuleni unacheka, mimi na wewe basi."

Akapanda. Nikasikia mbali akigonga mlango wetu wa mbele. Kimya. Akagonga tena. Nikasikia kama sauti ya mama. Nikasema, ashukuriwe Mungu.

Mlinzi akatokea chini tena, anatembea polepole, anatingisha kichwa.

"Mzee, nimeongea na mama mkwe wako mlangoni."

"Enhe?"

"Anasema umeenda kazini tangu alfajiri."

"Nimeenda kazini? Si huyu hapa unaniona!"

"Nimemwambia hivyo. Akasema huyo wa balkoni hamjui, labda ni ndege."

Fundi cherehani alianguka kwa kicheko juu ya cherehani lake.

Mimi nilipata baridi. Ile niliyoitafuta miaka yote kwa ajili ya miti, ikanijia mwenyewe mgongoni. Kwa sababu nilielewa jambo moja: mama amenisahau. Leo ni moja ya siku zile za kuchoka. Na kama amenisahau mimi, mtu mwenye tumbo hili, basi atalikumbuka jiko?

Harufu ikabadilika. Sasa ilikuwa ile harufu ya chini ya sufuria.

Nikatia mkono mfukoni, nikagusa ufunguo.

Hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Jiko linawaka ndani. Bibi wa watu mwenye nyonga mbovu yumo ndani. Mlango wa kumtolea umefungwa, na ufunguo umo kwenye kaptula yangu, upande wa pili wa nondo nilizozichomelea mwenyewe. Ukitokea moto, mama atafika mlangoni, kong', kong', kong', atashika kitasa, atazungusha.

Na hakutakuwa na wa kumwambia kwamba ufunguo umeenda sokoni.

"Mlinzi! Nakurushia ufunguo! Udake!"

"Rusha!"

Nikarusha.

Mimi nimesomea kompresa za majokofu, sikusomea kurusha. Ufunguo ulipaa vizuri tu, ukageuka hewani, ukapiga bati la kibanda cha fundi, ngwe! Ukaruka. Ukaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua pembeni ya paa.

"Sasa unanipiga mawe?" fundi akafoka.

"Ni ufunguo, dada! Umo kwenye mfereji wako!"

"Ngazi iko wapi?" mlinzi akauliza.

Ngazi ilikuwa kwa fundi rangi, mtaa wa pili. Mlinzi akaondoka kuifuata. Safari hii alikimbia, maana alishaona machozi. Mtu unaweza kuigiza kila kitu, lakini kamasi haziigiziki.

Nikarudi kwenye kioo. Nikapiga kwa ngumi. Nikafikiria kuvunja. Nivunje niingie wapi? Nondo hizo. Komeo liko chini, mkono haufiki, niliupima mwenyewe ule umbali ili mwizi asiweze. Kazi safi kabisa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikapiga magoti katikati ya vyungu. Bwana Harusi kushoto, Bibi Harusi kulia. Balkoni ile haina hata hatua tatu. Sikuwahi kuiona ndogo vile. Nikatazama mitufaha yangu imesimama kwenye ndoo zake, imefungwa kamba kwenye fimbo, nikaona sasa tumekuwa watatu.

"Mama," nikaita, sauti imekwisha. "Mama yangu, tafadhali. Zima jiko tu. Hata usinifungulie. Zima jiko."

Kimya.

Halafu: kong'.

Kong'.

Kong'.

Akatokea kwenye korido. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine anaburuta kiti cha kulia chakula. Hana haraka. Akakiweka kiti mbele ya kioo, akakaa, akapanga gauni lake magotini. Kile kidirisha cha juu ya mlango kilikuwa wazi, tulisikilizana vizuri.

"Mama! Jiko!"

Akaweka mkono sikioni. "Unasemaje?"

"Fungua mlango, mama!"

Akanitazama. Akanitazama vizuri, kwa macho yasiyo na uchovu hata kidogo. Akasema:

"Ufunguo umeenda sokoni, baba. Ukirudi nitakuita."

Jamani.

Na yeye hakucheka. Ndipo nikajua ule mzaha unavyosikika ukiwa upande ule mwingine wa mlango. Hauchekeshi. Kumbe hauchekeshi kabisa.

"Mama... unanijua?"

"Nikujue mara ngapi? Wewe ni mkwe wangu, mla maharagwe yasiyo na chumvi. Nimeshayaepua. Nimezima na gesi. Yameshika chini kidogo, utayala wewe hayo ya chini."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya balkoni.

"Kwa nini umemwambia mlinzi hunijui?"

"Nimemfanyia mzaha. Kwani wewe peke yako ndiye mcheshi humu ndani?"

Nikaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Niliogopa, mama. Niliogopa sana."

"Muda gani umekaa hapo? Hata mate hayajakukauka." Akagusa kioo kwa ncha ya mkongojo. "Mimi ukigeuza ufunguo huwa nasimama pale mlangoni. Nasikia viatu vyako vinashuka ngazi. Vikiisha, ndiyo naogopa. Kila siku, baba. Na wewe ukirudi unanichekesha."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Ningefanyaje? Anayeshika ufunguo akikutania, unacheka."

Maneno hayo, wasomaji wangu, yaliniingia kuliko nondo.

Nikamwambia, "Mama, tunaogopa utapotea tena. Siku ile kituoni..."

"Sikupotea!" Akapiga mkongojo sakafuni. "Nilikuwa nakwenda kwangu. Nilijua basi, nilijua kituo, kikapu nilipakia mwenyewe. Nyinyi ndio mliopotea kunitafuta."

Nikaikung'uta ile brashi bure.

Hapa lazima niwaambie kitu, la sivyo hamtanielewa mwishoni. Hiyo nyumba anayoiita "kwangu" si yake tena. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliiuza mara tu mama alipohamia kwetu. Tulikaa kikao, sisi wakubwa, tukakubaliana. Na tukakubaliana pia kwamba tusimwambie mpaka apate nguvu. Nguvu zikapatikana. Hakuna aliyemwambia.

"Mama," nikabadilisha habari, mwoga mimi, "umelifungaje hilo komeo? Magoti yako..."

Ndipo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akageuza mkongojo juu chini, akalinasa komeo kwa ile ndoano ya kushikia. Krrr. Akalifungua. Tak. Akalifunga tena.

"Kumbe unaweza!"

"Tangu wiki ya kwanza. Wewe ukiondoka mimi natoka hapo, napunga upepo."

Nikatazama ukingo wa balkoni, nikatazama miti. Kichwani mwangu kitu kikaanza kujipanga.

"Mama... majani."

"Enhe."

"Ni wewe?"

"Ni mimi." Wala hakuona haya. "Ukigeuza ufunguo, naja kuchuma. Jani moja moja. Nilikuwa na hasira. Nilisema, na yeye arudi akute kitu chake kimeharibika asijue kwa nini. Siku nikiwa na hasira nyingi, namaliza tawi zima."

Nikaanza kucheka. Safari hii machozi na kicheko vilitoka mlango mmoja.

"Unacheka nini? Nimekuulia miti yako! Tangu ibaki vijiti sijaitazama tena."

"Mama, hukuiua. Itazame!"

Nikamweleza. Baadaye muuza miche alinithibitishia: kwenye joto, wakulima wa matufaha huyapukutisha majani kwa mkono kwa makusudi. Mti ukibaki uchi unadhani ulishalala ule usingizi wa baridi, unaamka, unachanua. Barafu yangu, feni yangu, diploma yangu, vyote havikufua dafu. Kilichoamsha ile miti ni hasira ya mwanamke aliyefungiwa ndani.

Mama akatazama maua muda mrefu. "Kwa hiyo haya maua ni ya kwangu."

"Ni ya kwako yote."

"Basi sogea nione vizuri."

Krrr. Akafungua.

Alitoka na mkongojo wake, nikampisha. Nikampa ile brashi. Nikamwonyesha: gusa hapa, nenda kule. Kila ua aliligusa kama anaosha uso wa mtoto. Kule chini mlinzi amefika na ngazi, amesimama na fundi cherehani, wanatutazama.

"Sasa nyinyi!" fundi akapaza sauti. "Si mlisema mnaungua?"

"Tuleteeni ufunguo!" mama akawajibu. "Tumefungiwa wawili huku!"

Na kweli. Mlango wa mbele ulikuwa bado umefungwa. Tulikaa sebuleni, mimi na yeye, tukala maharagwe yaliyoshika chini, tukimsubiri mtu mwingine aje atufungulie. Sikuwa nimewahi kukaa hivyo na mama mkwe. Sisi wote wafungwa, hakuna askari.

Mke wangu aliporudi nikamweleza kila kitu. Hakucheka.

"Na akipotea kweli?" akaniuliza. "Siku hiyo utaniambia nini? Utanitania?"

Hakuwa amekosea, na sitaki mdhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa binti anayempenda mama yake na kuogopa. Tulibishana siku kadhaa. Mwishowe tukafika hapa: fundi cherehani akashonea namba zetu za simu kwenye pindo la kila gauni la mama. Mlinzi akapewa picha yake. Na mama akapewa ufunguo, kwenye utepe mwekundu, shingoni.

Siku ya kwanza alifungua mlango, akasimama kizingitini. Akaufunga. Akaingia ndani kukaa. Hakwenda popote.

"Vipi mama, hutoki?"

"Nikitaka nitatoka," akasema.

Siku hizi asubuhi anashuka, ngazi moja moja, anakaa kibandani kwa fundi, anamchagulia vifungo. Yeye na fundi wananisema mimi tu. Wakati mwingine bado anachoka, ananiita kwa jina la marehemu. Naitika.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia hivi. Mzaha nao ni komeo. Unaweza kumfungia mtu kwa neno tamu, akacheka, ukadhani yuko huru. Kama unaye mtu nyumbani anakuuliza kitu kimoja kila siku na wewe unamjibu kwa utani, acha utani siku moja tu. Kaa upande wake wa mlango, usikilize.

Nimesema vizuri, eti? Mimi mwenyewe nilijipigia makofi.

Sasa sikilizeni la jana.

Maua mengi yalipukutika. Matufaha yaliyoshika mengi yalidondoka yakiwa kama vifungo vya shati. Likabaki moja, la Bibi Harusi, likakua, likaiva. Jana tulilichuma. Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea. Tukakaa mezani wote, mama akalikata mwenyewe, kila mtu kipande. Tamu, chachu kidogo. Yeye hakula cha kwake kwanza. Alikuwa anatoa mbegu kwa ncha ya kisu, anazifunga kwenye pindo la leso.

"Baba," akaniita, "nikizipanda hizi, zitatoa mti mfupi kama ule wa ndoo?"

"Hapana, mama. Ufupi uko kwenye mizizi ya kubebeshwa. Mbegu haijui habari za ndoo. Ukiipa ardhi itataka kufika darini."

Macho yake yakawaka. Akaifunga leso fundo la pili.

"Hapo sawa. Kwa hiyo nitaipanda kwangu, pale nyuma ya jiko, pana nafasi. Ufunguo ninao sasa, lakini basi siliwezi peke yangu na hii nyonga." Akatugeukia wote watatu. "Mtanipeleka lini?"

Mke wangu akatazama sahani. Shemeji akashika simu yake, haikuwa imeita. Mimi nikatafuta mzaha. Nikatafuta kila mahali, kwenye midomo, kwenye koo. Sikupata hata mmoja.

Mama akasubiri. Akautoa ule ufunguo kifuani, akauweka mezani kando ya leso yenye mbegu.

"Wanangu, nimeuliza. Nipelekeni kwangu nikapande."